Shehe Mvita na Mji Uliochukua Jina Lake

Jina la Mombasa, liandikwalo katika ramani na hati za serikali, ndilo walilolishika wageni tangu zamani: mwanajiografia Al-Idrisi, katika kitabu alichokikamilisha mwaka wa 1154, autaja mji huo kuwa ni mdogo, ulio katika nchi ya Wazanji, na watu wake huchimba chuma na kuwinda wanyama wakali, naye msafiri Ibn Battuta, aliyepita mwaka wa 1331 akalala usiku mmoja tu, aliutaja kwa jina lilo hilo. Lakini wenyeji, tokea wazee wa barazani hata Muyaka bin Haji, mshairi wao mashuhuri wa karne ya 19, wameuita Mvita, na lahaja yao Kimvita. Wako wasemao kuwa jina hilo limetokana na vita vingi vilivyoukumba mji. Riwaya ya wenye mji wenyewe, ambayo mimi naipa uzito zaidi, yasema ni la mtu, Shehe Mvita, jadi yao.

Kabla yake, kwa mujibu wa riwaya hiyo, alitawala mwanamke, Mwana Mkisi, naye ndiye aliyeuasisi mji wa kwanza kisiwani, ulioitwa Kongowea, au Gongwa kwa ulimi wa washairi. Kisha akaja Shehe Mvita, mtu wa dini na elimu, utawala ukaitoka nyumba ya bibi huyo ukawa wake, na akajenga msikiti wa kwanza wa mawe kisiwani. Waweza kukisoma kisa hiki kuwa ni cha Uislamu kuushinda ujahili tu, lakini hapo utapunjika; kwani nyumba za kale zijinasibishazo na Mwana Mkisi hazikufedheheka kwa nasaba hiyo, bali zimehesabiwa kuwa ndizo za wenyeji wa asili. Mji ulimpokea Shehe bila ya kumkana Bibi.

Msikiti huo wa mawe ndio unipao njia ya kukisia zama zake. Ibn Battuta asimulia kwamba watu wa Mombasa walikuwa Mashafii, wachaji Mungu, wenye kula ndizi na samaki, nafaka wakiletewa kutoka pwani, na kwamba misikiti yao ilikuwa ya mbao, iliyojengwa kwa ustadi mwingi. Ikiwa msafiri yule, ambaye hakuwa mtu wa kupitwa na msikiti, aliona mbao tu, basi jengo la Shehe Mvita halikuwa limesimama bado. Na Wareno wa Francisco de Almeida, walipouteka mji mwaka wa 1505 wakauteketeza kwa moto, waliukuta wa majumba ya mawe yenye ghorofa. Kati ya tarehe mbili hizo ndipo nimwekapo mzee wetu, ijapokuwa usiku mmoja ni ushahidi mdogo, na ijapokuwa machimbo ya wanaakiolojia ya miaka ya 1970, penye hospitali kuu ya Pwani, yalibainisha kuwa kisiwa kilikuwa na makazi karne nyingi kabla ya hapo.

Waswahili wa Mombasa hujipanga katika mataifa 12, ndiyo Thenashara Taifa, kwa mafungu mawili, kila fungu na mkuu wake aliyeitwa tamimu: Thalatha Taifa, yaani Wachangamwe, Wakilindini na Watangana, na Tisa Taifa, yaani Wamvita, Wajomvu, Wakilifi, Wamtwapa, Wapate, Washaka, Wafaza, Wagunya na Wakatwa. Azisomaye orodha hizi taratibu ataona ajabu, kwamba majina yenyewe yawafichua wengi wao kuwa ni wahajiri, waliotoka visiwa vya kaskazini na miji ya mwambao, na wenye kuitwa kwa jina la jadi ni taifa moja tu kati ya yote. Na pamoja na hayo wote humnasibia asili yao Shehe Mvita. Nasaba hapa si hesabu ya damu peke yake. Ni kama hati ya kiwanja, ambayo mwenye kuishika amethibitisha kuwa ana haki ya kujenga, kuoza na kuzika mahali hapo.

Ufalme wa ukoo wa Shehe Mvita, uhesabiwao kuwa wa Washirazi, ulikatika kwa Shahu wa Misham, mwishoni mwa karne ya 16, na Wareno, walioanza kujenga Ngome ya Yesu mwaka wa 1593, wakamtawaza mahali pake mfalme wa Malindi, rafiki yao. Wakaja Waomani, walioiteka Ngome mwaka wa 1698, wakaja watu wa ukoo wa Mazrui, waliotawala hata mwaka wa 1837, na wote hao iliwabidi kupatana na matamimu wa mji. Hivi leo Mvita ni jimbo la uchaguzi, na Mji wa Kale umo ndani yake, pamoja na Tudor, Tononoka na Majengo, ambako wako wapiga kura wengi walio watoto wa wahajiri wapya, wasiomo katika mojawapo ya yale mataifa 12.