Kuinua Gari Kongwe na Kulifunga Matairi Makubwa: Yanayopaswa Kujulikana Kabla ya Kwenda Gereji

Gari aina ya Toyota Land Cruiser la mfululizo wa 80, lililoingia sokoni karibu na mwaka 1990, ni miongoni mwa magari ambayo Watanzania waliyapa jina la shangingi. Ingawa mengi kati ya hayo yana umri unaozidi miaka 25, bado yanaonekana barabarani, mijini na vijijini, kwa sababu chesisi yake ni imara na ekseli zake, ya mbele na ya nyuma, ni za chuma kizima zilizobebwa na springi za mviringo. Wamiliki wengi huyapeleka gereji ili yainuliwe na kufungwa matairi makubwa, wakitarajia kuvuka kwa urahisi matope ya masika na mawe ya barabara za vijijini. Kazi hiyo inawezekana, na gari hili huipokea vizuri kuliko mengine mengi. Hata hivyo, mara nyingi hufanywa nusu, na nusu inayoachwa ndiyo inayohusu breki, usukani na uthabiti wa gari.

Jambo la kwanza ni kufahamu kinachopatikana. Difu ya gari hili imo ndani ya ekseli, nayo ekseli imekaa chini ya springi. Springi zikirefushwa kwa milimita 50, kinachopanda ni bodi na chesisi. Ekseli hubaki palepale, na jiwe lililokuwa likigonga difu jana litaigonga leo. Kinachoinua difu ni tairi peke yake. Matoleo mengi ya gari hili yalitoka kiwandani na matairi ya kipimo cha 275/70R16, yaani upana wa milimita 275, kimo cha ubavu kilicho asilimia 70 ya upana huo, na rimu ya inchi 16. Kipenyo chake ni takriban milimita 791. Tairi la 285/75R16, ambalo ndilo huchaguliwa zaidi, lina kipenyo cha milimita 834. Tofauti ni milimita 43, lakini nusu tu ya tofauti hiyo ndiyo iliyo chini ya ekseli. Kwa hiyo mmiliki aliyegharamia springi, shokapu na matairi matano mapya ameipandisha difu yake kwa milimita 21, karibu na unene wa kidole gumba.

Haimaanishi kuwa kuinua bodi hakuna faida. Pua na mkia wa gari huweza kupita kwenye makorongo makali bila kugusa, chesisi huwa mbali zaidi na kisiki, na tairi kubwa hupata nafasi ya kupanda na kushuka bila kusugua bodi. Hizo ni faida za kweli kwa anayezihitaji. Kwa anayeendesha zaidi kwenye lami, akiingia njia ya vumbi mara chache kwa mwaka, ni vigumu kuona anacholipia.

Pia ipo kasoro inayowafanya wengi wadhani gari lao ni fupi. Springi iliyobeba mzigo kwa zaidi ya miongo miwili huwa imechoka na kulegea. Gari lililolala kwa nyuma, au upande wa dereva, huhitaji springi mpya za kipimo cha kiwandani kabla ya kufikiriwa jambo jingine. Fundi mwangalifu hupima kwanza, kwenye magurudumu yote manne, umbali kutoka katikati ya rimu hadi ukingo wa bodi ulio juu ya tairi, kisha hulinganisha. Mara nyingi springi mpya za kawaida huliinua gari kuliko mwenyewe alivyotarajia, na tairi la 285/75R16 kwa kawaida huingia kwenye gari lenye kimo chake halali.

Mmiliki akiamua kuinua, milimita 50 ni kiasi ambacho mfumo wa gari hili hukihimili kwa marekebisho machache. Njia sahihi ni springi ndefu pamoja na shokapu zinazolingana nazo kwa urefu. Kuweka vipande vya chuma vilivyokatwa mtaani juu ya springi zilizochoka, huku shokapu zikiachwa zilezile, ni kuziacha shokapu zifike mwisho wa urefu wake kila gurudumu linaposhuka shimoni, hadi zing'oke kwenye vishikizo.

Usukani ndio wa kwanza kuonyesha mabadiliko. Ekseli ya mbele imeshikiliwa na mikono miwili inayotoka kwenye chesisi. Chesisi ikipanda, mikono hiyo huinama na kuizungusha ekseli kidogo, na ile pembe ambayo mafundi huiita kasta hupungua. Kasta ndiyo inayofanya usukani urudi wenyewe katikati baada ya kona, na ndiyo inayolifanya gari lishike njia bila kusahihishwa kila wakati. Ikipungua, gari huanza kutangatanga barabarani, na dereva hulihisi zaidi anapopishana na basi au lori kwenye barabara kuu. Dawa yake ni bushi maalumu zenye tundu lililopishana na katikati, au bamba za kurekebishia mikono hiyo, kisha kasta ipimwe kwa mashine. Alaimenti ya kawaida, ile ya kuyaelekeza matairi ya mbele ndani au nje, haiwezi kuondoa kasoro hiyo, ingawa wapo wanaoilipia mara tatu wakiamini itaondoka. Vilevile, fito linalozuia ekseli isiende kulia au kushoto huivuta ekseli pembeni kidogo chesisi inapopanda. Ikionekana kuwa tairi za upande mmoja zimetokeza zaidi, fito hilo ndilo la kuangaliwa.

Breki zinahitaji uangalifu mkubwa zaidi, kwa sababu kasoro yake haionekani gari likiwa limeegeshwa. Magari mengi ya mfululizo huu yana vali iliyo karibu na ekseli ya nyuma, inayogawa nguvu ya breki kwa kadiri ya mzigo. Kazi yake ni rahisi kueleza: gari likibeba mzigo, bodi hushuka kuelekea ekseli, kifimbo cha vali husogea, na breki za nyuma hupewa nguvu zaidi. Gari likiwa tupu, bodi hupanda na breki za nyuma hupunguziwa nguvu ili magurudumu yasikwame na kuteleza. Gari lililoinuliwa huidanganya vali hiyo. Kwa sababu bodi imekuwa mbali na ekseli, vali huamini kwamba gari ni tupu hata likiwa na abiria saba na mizigo, na breki za mbele huachiwa karibu kazi yote. Kishikizo cha kifimbo hicho lazima kirekebishwe kwa kiasi kilekile gari lilichoinuliwa, na breki zipimwe upya. Wakati huohuo mipira ya breki ikaguliwe gari likiwa juu, magurudumu yakining'inia na usukani ukikunjwa hadi mwisho pande zote mbili. Mpira unaovutika katika hali hiyo ni mfupi, na utakatika siku gurudumu litakaposhuka kwenye shimo la kina.

Tairi kubwa lenyewe huongeza kazi hiyo ya breki. Lina uzito zaidi, na kwa kuwa kipenyo chake kimekua kwa asilimia 5, breki zilezile zinapaswa kukaza zaidi ili kulisimamisha gari katika umbali uleule.

Kuhusu kupinduka, hesabu ni ya wazi. Mamlaka ya Taifa ya Usalama Barabarani ya Marekani (NHTSA) huupima uthabiti wa gari kwa kugawanya upana kati ya magurudumu ya kushoto na ya kulia kwa kimo cha kitovu cha uzito mara mbili. Upana huo kwa gari hili ni karibu milimita 1,600. Tukichukua, kwa mfano wa hesabu tu, kitovu cha uzito kilicho milimita 750 juu ya ardhi, jibu ni 1.07. Springi ndefu na matairi makubwa yakikipandisha kitovu hicho kwa milimita 60, jibu hushuka hadi 0.99. Punguzo hilo linaonekana dogo, lakini linamfuata dereva kwenye kila kona na kila anapokwepa ghafla mbuzi au bodaboda. Akiweka na keria ya chuma juu, yenye majerikeni na tairi la akiba, punguzo huongezeka.

Kipimamwendo nacho huanza kusema uongo. Kwa matairi ya 285/75R16, mshale ukionyesha kilomita 50 kwa saa, gari liko karibu na kilomita 53. Kwa matairi ya 315/75R16, yenye kipenyo cha milimita 879, mwendo halisi ni zaidi ya kilomita 55. Ni kweli kwamba vipimamwendo vingi hutoka kiwandani vikionyesha mwendo mkubwa kidogo kuliko uliopo, kwa hiyo sehemu ya tofauti hiyo humezwa. Haimezwi yote kwa matairi makubwa zaidi, na tochi ya askari wa usalama barabarani haisomi mshale wa dereva. Idadi ya kilomita pia hupungua kwenye dashibodi: 5,000 zinazoonekana kabla ya kubadilisha oili huwa karibu 5,270 kwa matairi ya 285/75R16.

Matairi hayo ya 315/75R16 yanastahili tahadhari ya peke yake. Huhitaji kuinua zaidi ya milimita 50, mara nyingi na kukata bodi, na huifanya injini ya dizeli isiyo na tabo ionekane imechoka mlimani. Ili kurudisha nguvu iliyokuwapo, meno ya difu zote mbili hupaswa kubadilishwa kutoka uwiano wa takriban 4.1 hadi karibu 4.56. Tairi la akiba la ukubwa huo haliingii kwa urahisi mahali pake chini ya gari. Kwa matumizi ya kawaida ya hapa nchini, ni vigumu kupata sababu ya kufika huko.

Katika kununua, matairi yote matano yawe ya kipimo kimoja. Matoleo yanayoendeshwa na magurudumu manne wakati wote yana difu ya katikati, na matairi yasiyolingana huifanya izunguke mfululizo hadi ichakae. Tarehe ya kutengenezwa isomwe ubavuni: tarakimu nne za mwisho za namba ya DOT ni wiki na mwaka, hivyo 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Namba ya uwezo wa mzigo isiwe ndogo kuliko ya kibandiko cha gari. 116, kwa mfano, ni kilo 1,250 kwa tairi moja. Spesa za kutokeza rimu nje huzidisha mzigo kwenye beringi na haziongezi chochote chini ya difu.

Kabla ya kazi kuanza, mmiliki aeleze kwa maandishi kampuni ya bima yake anachokusudia kubadilisha. Bima hujengwa juu ya ukweli uliotolewa na mwenye gari, na mabadiliko yaliyofichwa yanaweza kuwa sababu ya kukataliwa fidia. Usajili wa magari uko chini ya Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA), na ukaguzi wa ubora wa chombo barabarani ni wa Kikosi cha Usalama Barabarani cha Jeshi la Polisi. Kuuliza katika ofisi hizo mapema ni nafuu kuliko kurudishwa gereji baada ya kukaguliwa.

Gari likitoka gereji, taa zirekebishwe usiku huohuo mbele ya ukuta, kwa kuwa gari lililopanda zaidi mbele kuliko nyuma humulika macho ya anayekuja. Nati za magurudumu na boliti zote zilizofunguliwa zikazwe tena baada ya kilomita 100, na mara nyingine baada ya 1,000. Springi za zamani zikiwa bado nzima, zihifadhiwe pamoja na orodha ya kila kilichobadilishwa. Atakayelinunua gari hilo baadaye atazihitaji, na fundi wake ataihitaji orodha hiyo zaidi.