Amandina Lihamba

Amandina Lihamba (alizaliwa 1944) ni mwigizaji, mwandishi wa tamthilia, mwongozaji na profesa wa sanaa za maonyesho wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Wapenzi wa filamu wanamfahamu kama mhusika mkuu wa Arusi ya Mariamu (1985) na Maangamizi (2001).

Alipoanza kuigiza, Tanzania Bara haikuwa na televisheni; vituo vya kwanza vilikuja 1994. Kwa hiyo kizazi chake kilinolewa jukwaani, na Lihamba aliandika pia kile alichokiigiza. Hawala ya Fedha (1980) aliitoa katika kisa cha Ousmane Sembène wa Senegali. Harakati za Ukombozi (1982) aliitunga pamoja na Penina Muhando na Ndyanao Balisidya, mwandishi wa Dodoma aliyeandika riwaya ya Shida. Mwaka 1985 alipata shahada ya uzamivu Leeds, Uingereza, kwa utafiti juu ya siasa na maonyesho baada ya Azimio la Arusha.

Mwaka huohuo ilitoka Arusi ya Mariamu, filamu fupi ya Nangayoma Ng'oge na Ron Mulvihill. Mariamu ni mgonjwa, hospitali imeshindwa, mumewe anataka wamwendee mganga, naye hataki katakata kwa sababu ya hofu aliyotoka nayo utotoni. Filamu hiyo ilitunukiwa katika tamasha la FESPACO, Ouagadougou.

Kazi yake kubwa kuliko zote, kwa maoni ya mwandishi huyu, ni Maangamizi, iliyoongozwa na Martin Mhando na Mulvihill. Lihamba ni Samehe, mwanamke aliyelazwa hospitali ya wagonjwa wa akili na ambaye kwa miaka mingi hajatamka neno. Daktari Mmarekani mweusi (BarbaraO) anajaribu kumfikia, huku bibi wa kale (Mwanajuma Ali Hassan) akimjia Samehe bila kuonekana na wengine. Msomi aliyezoea kuhutubia kumbi hapa hana maneno ya kushika: kila kitu kimebebwa na macho, shingo iliyoinama, vidole visivyotulia. Waigizaji wetu wengi hupaza sauti ili uchungu uonekane. Yeye ananyamaza, na mtazamaji anauona wote. Filamu hii ilikuwa ya kwanza kuiwakilisha Tanzania katika kinyang'anyiro cha tuzo ya Oscar ya filamu za lugha za kigeni, ingawa haikuingia katika tano za mwisho.

Pamoja na Penina Mlama (ndiye Muhando wa awali) alianzisha mradi wa maonyesho ya watoto, na mwaka 1996 Tuseme, ambamo wasichana wa sekondari huigiza matatizo yao ya shule na kutafuta ufumbuzi. Jukwaa la Tuseme ni uwanja wa shule, na watazamaji wake ni walimu wanaoambiwa waziwazi kinachowaumiza wanafunzi. FAWE, shirika linalotetea elimu ya wasichana, limeusambaza mpango huo katika nchi kadhaa za Afrika.