Nyumba ya Mwalimu, Magomeni



Mwaka jana nilipanda daladala kutoka kwangu Temeke hadi Magomeni, Wilaya ya Kinondoni, kuiona nyumba aliyoishi Mwalimu Julius Nyerere wakati wa kupigania Uhuru. Siku hizi ni makumbusho. Nilitazamia jengo la fahari. La! Ni nyumba ya kawaida, imesimama mtaani kati ya nyumba za majirani.

Mwalimu alizaliwa Butiama mwaka 1922. Aliporudi kutoka Chuo Kikuu cha Edinburgh mwaka 1952, alikwenda kufundisha Pugu. Tarehe 7 Julai 1954 TANU ilizaliwa, naye akawa Rais wake. Mwaka 1955 alikwenda New York kuisemea Tanganyika mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa. Aliporudi alitakiwa achague: ualimu au siasa. Akaacha kazi. Alikuwa na mke na watoto wadogo, na mshahara haukuwapo tena. Wazee wa Kariakoo, akiwamo Abdulwahid Sykes, walimpokea. Baadaye akahamia Magomeni. Uhuru wenyewe ulikuja tarehe 9 Desemba 1961, na siku alipoacha kazi hakuna aliyeweza kumhakikishia kwamba ungekuja.

Wengi humkumbuka kama Rais. Mimi siku ile nilimkumbuka kama mwanafalsafa, mwandishi wa Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967. Shuleni tuliisoma na kuieleza vizuri katika mtihani. Lakini siku za shamba nilikuwa nikisingizia homa, wenzangu wakanilimia matuta yangu. Maneno niliyajua, jembe nililikimbia.

Si kila alilolipanga Mwalimu lilifaulu, na mwenyewe alikiri kwamba yako makosa yaliyofanyika. Hata hivyo, kabla ya kuwataka wengine wajitolee, alikwisha kujitolea yeye. Hilo ndilo nililojifunza Magomeni, nikiwa na mvi kichwani.

Vijana, someni historia vitabuni, kisha mwende mkaione ile nyumba. Nauli si kubwa. Na ninyi mlionilimia matuta, kama mngali hai, nawaomba radhi kwa njia ya gazeti hili. Tukikutana siku ya mkutano wetu, chai ni juu yangu.