Tuombapo kwa Jina Lake



Hapa Nanyuki, asubuhi kabla mawingu hayajapanda, Mlima Kenya huonekana wazi pamoja na theluji yake. Aendaye sokoni huuona, naye akamuaye ng'ombe huuona. Urefu wake ni mita 5,199, na tangu zamani watu wa pande hizi wamesali wakiuelekea. Leo twataka kuyatazama maneno ambayo sisi Wakristo huyatamka kila siku, pengine bila kuyafikiri: "Kwa jina lake." Je, maana yake ni nini?

Tuanze na jina lenyewe. Mapadre wa Consolata walifika Tuthu, katika Murang'a, mwaka 1902. Wamishenari wa Scotland nao walitoka Thogoto wakajenga kituo Tumutumu, karibu na Karatina. Wote walikuwa na swali moja: Mungu ataitwaje katika nchi hii? Jina halikuhitaji kuletwa kwa meli. Wazee walikuwa wakiomba chini ya mti wa mugumo, wakiinua mikono kuelekea Kirinyaga, wakimwita Ngai, tena Mwene-Nyaga. Jina hilo la Ngai ndilo lililotiwa katika Agano Jipya la Kikikuyu lililotolewa mwaka 1926. Hivyo mkulima wa Nyeri alipojifunza kusoma, alikuta kitabuni jina lile lile ambalo babu yake alilitaja alipoomba mvua.

Lakini Wakikuyu nao walilipokea jina hilo kwa jirani. Wajuzi wa lugha husema kwamba Ngai latokana na Enkai, jina la Mungu kwa Wamaasai. Hata jina la Nanyuki, husemwa, latokana na neno la Kimaasai lenye maana ya wekundu. Vilele vya mlima wetu, Batian, Nelion na Lenana, vyaitwa kwa majina ya malaiboni wa Kimaasai.

Basi wenye jina walikwenda wapi? Kwa mapatano ya mwaka 1904, Wamaasai wengi walihamishiwa Laikipia, wakaahidiwa kwamba nchi hii itakuwa yao maadamu kabila lao liko. Miaka 7 tu ikapita. Mwaka 1911 yakaandikwa mapatano mengine, na kufikia mwaka 1913 walikuwa wamekwisha kuondolewa kwenda kusini, ili nchi wapewe walowezi wa Kizungu. Wengi wa walowezi hao walikuwa Wakristo. Jumapili walikwenda kanisani, wakafunga sala zao kwa jina la Yesu. Je, sala zile ziliombwa kweli kwa jina lake?

Tutazame jambo la kila siku. Mama humtuma mtoto dukani: "Mwambie mwenye duka akupe kilo ya sukari, nitalipa mwisho wa mwezi." Mwenye duka hutoa sukari. Hampi mtoto kwa sababu ya uzuri wake, wala kwa sababu ametamka vizuri. Humpa kwa kuwa anamjua mama. Lakini mtoto akiongeza, "Mama amesema unipe na peremende," je, ameomba kwa jina la mama? La, ameliiba. Maneno ni yale yale, lakini hakutumwa.

Hivyo ndivyo Biblia inavyotufundisha. Katika 1 Samweli 25, Daudi aliwatuma vijana kumsalimu Nabali kwa jina lake, nao walisema yale tu waliyoambiwa. Katika Matendo 19, wana wa Skewa walilitaja jina la Yesu kama dawa ya mganga, wakakimbia uchi na majeraha. Kumbe jina la Bwana si ufunguo wa kufungulia tamaa zetu. Bwana alipowaahidi wanafunzi, katika Yohana 14, kwamba wataomba kwa jina lake naye atafanya, aliwaambia pia kuzishika amri zake. Kuomba kwa jina lake ni kuomba lile ambalo yeye angeliomba, tukiwa tumetumwa naye.

Jambo hili lilipimwa sana katika nchi yetu. Tarehe 20 Oktoba 1952 serikali ya kikoloni ilitangaza Hali ya Hatari. Katika misitu ya mlima huu, wapiganaji wa Waruhiu Itote, aliyeitwa Jenerali China, walimwomba Ngai wakidai ardhi yao. Makanisani, wengine waliiombea serikali ishinde. Jina moja likaitwa na pande mbili.

Tena walikuwako ndugu wa uamsho, ule uliotoka Rwanda na Uganda ukafika Kenya mwaka 1937. Wengi wao walikataa kiapo. Wengi wakakataa pia kushika bunduki ya serikali. Walisema kwamba wamekwisha kunywa damu ya Kristo mezani pake, hawawezi kunywa nyingine. Baadhi yao waliuawa. Kanisa la Mtakatifu Yakobo huko Murang'a lilijengwa liwe kumbukumbu yao, na mwaka 1959 Elimo Njau alichora ukutani Yesu akizaliwa na kusulubiwa katika nchi ya Kikuyu.

Hatusemi kwamba dai la ardhi halikuwa la haki. Lilikuwa la haki, na ukimya wa makanisa mengi juu yake ni aibu yetu. Twasema tu kwamba ndugu wale walijua gharama ya jina. Hawakuliweka mwisho wa sala kama muhuri, walilibeba mwilini.

Na sisi je? Twaweza kumnyima kibarua mshahara wake Jumamosi, na Jumapili tukasema "kwa jina la Yesu". Twaweza kusogeza mpaka wa shamba la mjane, kisha tukaomba mavuno mema. Ndugu, kabla ya kusema Amina leo jioni, tujiulize: Je, haya ninayoyaomba, nimetumwa kuyaomba? Tena yuko nani aliyeumizwa nami, ambaye naye analiita jina hili hili?

Mungu anawasikia wote wawili. Bwana atufundishe kuomba. Amina.