Mahindi ya Meksiko, Mizizi ya Munguli

Mtu anayefuata mlo wa paleo akiingia kwenye mgahawa wa Kimeksiko kule Chicago ana masharti yake. Tortilla, ile chapati nyembamba ya mahindi, anaikataa. Wali na maharage anaomba visiletwe kabisa. Anabaki na nyama ya kuchoma, kachumbari ya nyanya na pilipili, na parachichi lililopondwa. Anaamini anakula kama binadamu alivyokula kabla ya kilimo. Ukimuuliza binadamu huyo yuko wapi leo, kuna uwezekano mkubwa atakutajia Wahadzabe wa Tanzania.

Wahadzabe ni watu elfu moja na ushee, na wanaishi kuzunguka Ziwa Eyasi. Wengi wetu tunawahusisha na Karatu na Mbulu kwa sababu ndiko watalii wanakopelekwa. Lakini wapo Singida pia, katika Wilaya ya Mkalama iliyomegwa kutoka Iramba, na kijiji chao kinachojulikana zaidi huko ni Munguli. Ukiisimulia hadithi ya paleo ukiwa upande huu wa ziwa, inageuka kichwa chini.

Tuanze na sahani ya kawaida ya Singida mjini: ugali, maharage, nyanya kwenye mchuzi, pilipili pembeni, kipande cha parachichi kwa aliyejaliwa. Vyote hivyo asili yake ni bara la Amerika. Mahindi yenyewe yalianza kulimwa Meksiko yapata miaka 9,000 iliyopita, kutokana na nyasi ya porini. Yalifika pwani yetu baada ya Wareno kuingia Bahari ya Hindi, nasi tukayapa jina linaloelekeza India, ambako hayakutoka. Hata alizeti, fahari ya Singida, ni mmea wa Amerika ya Kaskazini. Mgahawa wa Kimeksiko hatuna, lakini vyakula vyake vingi tunavyo jikoni.

Bara, mahindi hayakutawala mapema. Mvua ya Singida ni chache na haitabiriki, kwa hiyo Wanyaturu na Wanyiramba walitegemea uwele na mtama, wakala ugali wake kwa mlenda. Mahindi yalipanda cheo katika karne ya 20, yakisukumwa na soko na chakula cha msaada. Baada ya ukame wa 1973 na 1974 serikali ililazimika kuagiza nafaka nyingi kutoka nje. Wazee bado wanaukumbuka unga wa njano wa enzi zile za uhaba, waliouita Yanga kwa rangi yake.

Wahadzabe waliyapokea mahindi kwa njia nyingine. Katikati ya miaka ya 1960 serikali ilijaribu kuwahamishia kwenye makazi ya kudumu Yaeda Chini, na baadaye wale wa upande wa Iramba wakapangiwa Munguli. Nyumba, shule, zahanati, jembe na mbegu. Na unga. Kuacha mizizi na kula ugali kulihesabiwa kuwa hatua ya maendeleo. Chakula cha msaada kilipokwisha, wengi walirudi porini, na maofisa wakaona huo ni ukaidi. Mimi naona ilikuwa hesabu nzuri tu: porini kulikuwa na chakula.

Sasa tazama tarehe. Mwaka 1975, Operesheni Vijiji ikiwa imepamba moto, daktari Mmarekani Walter Voegtlin alichapisha kitabu cha kuwahimiza wenzake warudi kwenye mlo wa zama za mawe. Mwaka 1985 Boyd Eaton na Melvin Konner wakaandika kuhusu mlo huo katika jarida la tiba la New England, na mwaka 2002 Loren Cordain akautangazia ulimwengu kwa jina la paleo. Yaani wawindaji wa Iramba walikuwa wakifundishwa kula zao la Meksiko wakati Wamarekani wenye uwezo wakianza kufundishwa kulikataa.

Na je, Mhadzabe mwenyewe angepita mtihani wa paleo? Wanawake huchimba kwa mti uliochongwa mzizi wanaouita ekwa (jina lake halisi linaanza na kidoko, herufi zetu haziwezi). Mmea huo ni wa jamii moja na kunde, na jamii ya kunde ndiyo hasa paleo inayoipiga marufuku. Asali, ambayo vitabu vya paleo vinashauri ilambwe kidogo, kwa Wahadzabe ni takriban asilimia 15 ya nguvu wanayopata kwenye chakula. Kuna ubuyu, kuna matunda ya mikole. Nyama ni tamu na inathaminiwa, lakini siku nyingi mwindaji hurudi mikono mitupu, na wanaomlisha ni wachimba mizizi. Mnyama mkubwa akipatikana, kambi nzima hugawana.

Mlo huo basi hauwezi kufungwa kwenye orodha ya vinavyoruhusiwa. Unahitaji eneo kubwa la kutembea: ekwa iko bonde hili, matunda yameiva kule, na ndege mwongoza asali anaita mahali pengine kabisa. Eneo hilo ndilo linalopungua. Wafugaji wanaleta mifugo yao kwenye maji yale yale wanayonywa wanyamapori, wakulima wanafyeka miti ambayo nyuki hukaa ndani yake, na nao wote wana njaa zao za kweli, sitawafanya maharamia. Ila sifa za Wahadzabe kwenye vitabu vya lishe hazijawaongezea ekari hata moja ya pori.

Mteja wa Chicago akirudisha tortilla jikoni, meza yake inabaki imejaa. Munguli, mwaka ambao mvua imekosekana na pori limeshageuzwa mashamba, kinachofika ni gunia la mahindi, na linapikwa.