Mawasiliano ya redio ya polisi na askari wa uhifadhi Karatu na Ngorongoro

Mawasiliano ya redio ya polisi na askari wa uhifadhi Karatu na Ngorongoro ni mitandao ya simu za upepo inayotumiwa na Jeshi la Polisi Tanzania, Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro (NCAA) na taasisi jirani za uhifadhi katika wilaya hizo mbili za Mkoa wa Arusha. Kila taasisi ina chaneli zake na wasimamizi wake. Lakini nani anamsikia nani haiamuliwi na mipaka ya wilaya peke yake: milima ya eneo hili ina sauti kubwa zaidi katika jambo hilo.

Jina "simu ya upepo" ni la zamani na bado linatumika. Askari wengi husema "redio koli".

Historia fupi

Mawasiliano bila waya yaliingia katika nchi hii wakati wa utawala wa Wajerumani, ambao kabla ya Vita Kuu ya Kwanza walikuwa na vituo Dar es Salaam, Mwanza na Bukoba. Umuhimu wake ulionekana mapema: Waingereza waliposhambulia Bukoba mwezi Juni 1915, shabaha yao mojawapo kubwa ilikuwa mnara wa kituo hicho. Jeshi la polisi la Tanganyika liliundwa mwaka 1919. Eneo la Hifadhi ya Ngorongoro lilitengwa na Serengeti mwaka 1959 na kupewa utawala wake wenyewe, na tangu hapo eneo hili likawa na aina mbili za askari wenye wakubwa tofauti.

Ngazi za mamlaka

Tanzania haina polisi wa shirikisho na polisi wa majimbo kama Marekani. Polisi ni jambo la Muungano, na jeshi ni moja chini ya Inspekta Jenerali. Chini yake yuko Kamanda wa Polisi wa Mkoa, kisha Mkuu wa Polisi wa Wilaya, kisha mkuu wa kituo. Taarifa hufuata ngazi hiyohiyo: kituo huripoti wilayani, wilaya huripoti mkoani Arusha, na mkoa makao makuu. Kituo cha Karatu kikitaka msaada wa mkoa mwingine, njia ya kawaida ni kupitia juu, si kuita moja kwa moja.

Askari wa uhifadhi wana ngazi zao. NCAA inasimamia eneo la takriban kilometa za mraba 8,300, ambamo wanaishi wafugaji, hasa Wamaasai, pamoja na wanyamapori. Upande wa magharibi, Hifadhi ya Taifa ya Serengeti iko chini ya TANAPA. Mapori ya akiba na mapori tengefu yako chini ya TAWA. Askari hao wanaweza kumkamata mtuhumiwa, lakini kwa kawaida humkabidhi polisi kwa ajili ya upelelezi na mashtaka. Kwa hiyo tukio moja la ujangili linaweza kuanza katika mtandao mmoja wa redio na kumalizikia katika mwingine.

Ramani ya utawala inaongeza ugumu. Kreta ya Ngorongoro imo katika Wilaya ya Ngorongoro, ambayo makao yake yako Loliondo, zaidi ya kilometa 100 kaskazini, ng'ambo ya nyanda za juu. Mji wa Karatu, makao ya wilaya nyingine, uko mwendo mfupi tu kwa gari kutoka lango la Lodoare. Mtu akipatwa na dhara ukingoni mwa kreta, mji wa karibu na polisi wa wilaya yake hawako upande mmoja.

Milima na mawimbi

Redio nyingi za doria hutumia mawimbi ya VHF, yaani kati ya megahezi 30 na 300. Mawimbi haya husafiri karibu kama mwanga: mlima ukisimama kati ya antena mbili, mazungumzo hukatika. Kwa ardhi tambarare kuna kanuni rahisi: umbali wa juu katika kilometa ni 4.12 mara jumla ya vipeuo vya pili vya urefu wa antena mbili katika mita. Askari wawili wenye redio za mkononi, kila moja ikiwa mita 1.5 kutoka chini, hupata takriban kilometa 10. Sakafu ya kreta ina upana wa karibu kilometa 19. Maana yake ni kwamba askari aliye upande mmoja hana hakika ya kumfikia mwenzake wa upande wa pili, hata kama hakuna kichaka kati yao.

Ukingo wa kreta uko karibu mita 600 juu ya sakafu. Antena ikiwekwa hapo, kanuni hiyohiyo inatoa zaidi ya kilometa 100, mradi hakuna kizuizi. Ndiyo sababu katika nchi ya namna hii kazi kubwa hufanywa na ripita: mtambo unaowekwa mahali pa juu, ukapokea sauti kwa masafa fulani na papo hapo kuirusha tena kwa masafa mengine. Askari aliye msitu wa Lerai, chini kabisa, humsikia aliye langoni kwa sababu wote wawili wanauona ukingo ingawa hawaonani.

Hata hivyo ripita moja haitoshi. Mlima Oldeani, wenye takriban mita 3,200, na Mlima Makarot huweka kivuli kwa maeneo yaliyo nyuma yao, na Loolmalasin, unaozidi mita 3,600, huziba upande wa kaskazini-mashariki. Bonde la Ziwa Eyasi, pamoja na Mang'ola iliyo katika Wilaya ya Karatu, liko chini sana kuliko mji wa Karatu wenyewe, kwani ziwa liko kwenye mita 1,030 hivi juu ya usawa wa bahari. Mtambo uliowekwa ili kuhudumia kreta hauwezi kwa wenyewe kufika Mang'ola, wala ule wa Karatu hauwezi kufika Endulen.

Kwa mbali zaidi hutumika HF, megahezi 3 hadi 30, ambayo hupanda angani na kurudishwa chini na tabaka la ayonosfia. Mawimbi ya megahezi 5 yana urefu wa mita 60, kwa hiyo antena yake ya kawaida ni waya wa karibu mita 30. Waya huo ukifungwa chini chini kati ya miti miwili, hurusha mawimbi juu moja kwa moja, nayo huanguka pande zote kwa umbali wa kilometa mia kadhaa, yakivuka milima bila kujali. Tatizo ni kelele na mabadiliko ya siku: masafa yanayosikika vizuri mchana huweza kupotea usiku, na mwendeshaji hulazimika kushuka kwenye masafa ya chini.

Ugawaji wa masafa

Mitandao hii haijichagulii masafa. Kazi hiyo ni ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA), iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2003, ikifuata mgawanyo wa Shirika la Kimataifa la Mawasiliano ambamo Afrika yote imo katika Kanda ya Kwanza. Nchini Marekani kazi imegawanywa: ofisi moja hugawa masafa ya idara za shirikisho na nyingine ya polisi wa majimbo na miji. Kwa Tanzania mlango ni mmoja.

Urefu uleule unaosaidia kreta unaleta shida hapa. Antena iliyo ukingoni husikia mbali mno, hata masafa yaliyotolewa kwa mtu mwingine aliye bondeni. Kwa hiyo masafa hayawezi kurudiwa karibu karibu kama yanavyoweza kurudiwa katika nchi tambarare, na karibu na mpaka wa Kenya mashauriano ya nchi mbili huhitajika. Wanaoomba nafasi ni wengi: magari ya kampuni za utalii nayo yana redio za VHF, ambazo madereva huzitumia kuambiana simba yuko wapi.

Usiri

Redio ya kawaida ya analojia haina siri. Mwenye kipokezi kilichowekwa kwenye masafa hayohayo husikia kila neno. Jambo hili lina uzito Ngorongoro kwa sababu ya faru weusi: katikati ya miaka ya 1960 walihesabika zaidi ya 100 ndani ya kreta, na kufikia katikati ya miaka ya 1990 walikuwa wamebaki chini ya 20 kwa sababu ya ujangili. Kutaja hewani kwa lugha ya wazi mahali faru alipolala ni kumwelekeza jangili. Dawa ni mbili, misimbo na redio za kidijitali zenye usimbaji. Ya kwanza ni rahisi lakini huzoeleka na kuvuja, ya pili ni ghali na hudai kila redio ibadilishwe.

Usimbaji una gharama nyingine. Redio iliyofungwa kwa ufunguo wa taasisi moja haisikiki kabisa kwa taasisi jirani, hata zikiwa kwenye masafa yaleyale. Kadiri kila mmoja anavyojilinda, ndivyo haja ya chaneli ya pamoja, au ya ofisa wa kiungo mwenye redio mbili mezani, inavyokua.

Barabara, redio na simu za mkononi

Barabara ya lami kutoka Arusha kupitia Makuyuni, Mto wa Mbu, Rhotia na Karatu huishia Lodoare, na hapo ndipo mamlaka hubadilika. Ajali ya basi la shule iliyotokea Rhotia tarehe 6 Mei 2017, ambamo walikufa wanafunzi 32, walimu 2 na dereva, inaonyesha ukubwa wa tukio linaloweza kukifikia kituo cha wilaya kwa asubuhi moja.

Simu za mkononi zimechukua sehemu kubwa ya mazungumzo ya kila siku, na Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2006, husaidia kupeleka minara vijijini. Mwananchi hupiga 112 bila malipo. Lakini simu humfikia mtu mmoja kwa wakati mmoja, na hukwama watu wengi wakipiga pamoja. Redio, kwa kubonyeza kitufe mara moja, huwafikia wote walio kwenye chaneli. Katika mabonde yasiyo na mnara, doria bado hutegemea redio ya gari, betri iliyochajiwa kwa sola, na mwendeshaji anayeandika daftarini saa, jina la kituo kilichoita na maneno yaliyosemwa.