Vumbi la Rand: Kifua Kikuu na Wachimbaji wa Dhahabu wa Afrika Kusini

Dhahabu ya Witwatersrand, eneo linalojulikana kwa kifupi kama Rand, iligunduliwa mwaka 1886 katika nyanda za juu lilipo sasa jiji la Johannesburg. Haikuwa dhahabu ya kuokota mtoni. Ilikuwa imetawanyika kwa chembe ndogo ndani ya mwamba mgumu wenye silika nyingi, na mwamba huo uliinama kwenda chini kilomita kadhaa. Ili kupata gramu chache, ilibidi tani nzima ya mwamba ichorongwe, ilipuliwe kwa baruti, ipandishwe juu na kusagwa. Bei ya dhahabu duniani ilikuwa imefungwa, kwa hiyo gharama zilipopanda kampuni hazikuweza kumpandishia mnunuzi bei. Palipobaki pa kubania palikuwa ujira wa mchimbaji Mwafrika. Mwanauchumi Francis Wilson alionyesha kwamba thamani halisi ya ujira huo mwaka 1969 haikuzidi ile ya mwaka 1911. Hesabu hiyo ndiyo iliyoamua mchimbaji alale wapi, ale nini, avute hewa gani na akiugua apelekwe wapi, na kwa njia hiyo ndiyo iliyoamua pia kifua kikuu kimpate nani kusini mwa Afrika.

Pua na koo vimeumbwa kuzuia vumbi. Vinyweleo na ute hunasa chembe kubwa, kisha mtu huzitoa kwa kupiga chafya au kukohoa. Chembe za silika zenye ukubwa wa chini ya mikroni 5 hazinaswi kwa urahisi. Hufuatana na hewa mpaka kwenye vifuko vidogo vilivyo mwisho kabisa wa mapafu, mahali oksijeni inapoingia kwenye damu. Huko kuna seli walinzi ambazo kazi yake ni kumeza kila kitu kigeni. Zikimeza silika hufa, nayo silika hutoka ikiwa vilevile, ikamezwe tena na seli nyingine. Kidogo kidogo mapafu hujaa makovu magumu. Huo ndio ugonjwa wa silikosisi, na hadi leo hauna dawa ya kuuponya. Seli hizohizo ndizo zinazopaswa kumdhibiti bakteria wa kifua kikuu, ambaye Robert Koch alimtangaza mjini Berlin tarehe 24 Machi 1882. Mtu mwenye afya njema anaweza kuishi na bakteria huyo kifuani miaka yote bila kuugua. Mchimbaji ambaye walinzi wake wameharibiwa na vumbi hana kinga ya namna hiyo. Tena vumbi haliondoki kifuani siku anapoacha kazi. Silikosisi inaweza kujitokeza miaka mingi baada ya mtu kurudi kwao, na hatari ya kifua kikuu humfuata hadi kaburini.

Vifo vya kwanza vilivyoishtua serikali vilikuwa vya wazungu. Katika miaka ya 1890 mashine za kuchoronga zinazoendeshwa kwa hewa ya mgandamizo zilienea Rand, na zilitoa vumbi jembamba kuliko lile la nyundo na patasi. Vita kati ya Waingereza na Makaburu vilifunga migodi mingi kuanzia Oktoba 1899. Ilipofunguliwa tena, ilibainika kwamba kati ya wachorongaji karibu 1,400 walioajiriwa kabla ya vita, zaidi ya 200 walikuwa wamekwisha kufa, wengi wao wakiwa bado na umri wa nguvu. Baadhi yao walikuwa wenyeji wa Cornwall, kusini-magharibi mwa Uingereza, waliorudi kufia kwao; mwanasayansi J. S. Haldane alikutana na vifo vyao mwaka 1904 alipochunguza afya ya wachimbaji wa Cornwall. Gavana wa Kiingereza wa eneo hilo, Lord Milner, aliunda tume mwaka 1902. Tume hiyo ilitambua kwamba chanzo ni vumbi, na dawa zake zilikuwa wazi: maji ya kulowesha mwamba wakati wa kuchoronga, hewa ya kutosha mgodini, na kutorudi mahali palipolipuliwa kabla vumbi halijatua. Kanuni zilizofuata zilipunguza vumbi lionekanalo kwa macho. Lile lisiloonekana, ambalo ndilo linalofika kwenye vifuko vya hewa, lilibaki.

Wachimbaji wazungu walikuwa na kura na chama cha wafanyakazi, na vyote viwili walivitumia. Sheria ya kwanza ya fidia ilipitishwa mwaka 1911, ikafuatiwa na nyingine mwaka 1912. Sheria ya mwaka 1916 iliunda ofisi maalumu ya madaktari ya kupima wachimbaji kwa picha za eksirei kabla ya kuanza kazi na kila baada ya muda. Mzungu mwenye kifua dhaifu hakuruhusiwa kushuka; aliyekutwa na silikosisi alilipwa, na familia yake ikapata mafao akifa. Mwaka 1930 Shirika la Kazi Duniani lilipoitisha mkutano wa kimataifa wa silikosisi, ulifanyika Johannesburg, na wataalamu kutoka mabara mengine walikwenda kujifunza kwa wenyeji wao. Sifa ile haikuwa ya bure kabisa, maana kwa mzungu mfumo ulifanya kazi kweli. Lakini wakati huo wachorongaji wengi na wapakiaji karibu wote walikuwa Waafrika, na mzungu alikuwa msimamizi wao.

Kwa Mwafrika sheria ilikuwa na kipimo kingine. Alitajwa humo, ila fidia yake ilikuwa kiasi kidogo kinacholipwa mara moja, si pensheni, tena baada ya daktari wa mgodi kuthibitisha ugonjwa. Kupimwa kwake kulikuwa kusimama uchi kwenye mstari mrefu huku daktari akipita haraka. Mzani ulitumika badala ya eksirei: aliyepungua uzito kati ya kipimo kimoja na kingine ndiye aliyetengwa achunguzwe. Picha za eksirei kwa wachimbaji Waafrika kwa wingi zilikuja baada ya Vita vya Pili vya Dunia, takriban miaka 30 baada ya wenzao wazungu.

Malazi nayo yalikuwa kiwanda cha maambukizi. Wachimbaji waliishi katika kambi zilizozungushiwa ukuta, makumi ya wanaume chumba kimoja, wakilala kwenye vitanda vya zege vilivyopangwa kwa ghorofa kama rafu, madirisha yakifungwa usiku kwa baridi ya nyanda za juu. Mtu alitoka kwenye joto na unyevu wa chini ya ardhi akiwa ametota, akasimama kwenye upepo kungoja zamu yake ya kuhesabiwa. Nimonia iliua kwanza na kwa kasi. Iliwaua zaidi watu wa kutoka kaskazini, kiasi kwamba mwaka 1913 serikali ilipiga marufuku kuandikisha wafanyakazi kutoka kaskazini mwa latitudo 22 kusini. Mwaka huohuo kampuni zilimwalika William Gorgas, daktari wa jeshi la Marekani aliyepata sifa kwa kudhibiti homa ya manjano na malaria kwenye Mfereji wa Panama. Ushauri wake ulikuwa mwepesi kueleweka: punguzeni msongamano, tawanyeni makazi, waruhusuni wafanyakazi waishi na wake na watoto wao katika nyumba ndogo. Makazi ya familia yangekuwa na gharama, na yangempa mchimbaji Mwafrika haki ya kukaa mjini. Kambi zilibaki. Kampuni zilielekeza nguvu kwenye chanjo ya nimonia.

Mchimbaji Mwafrika aliyekutwa na kifua kikuu alirudishwa kwao. Hapa ndipo palipo kiini cha historia hii nzima. Mkataba wa miezi michache, kurudi nyumbani, kisha mkataba mwingine ulimaanisha kwamba mgodi uliwatumia watu wakiwa wazima na kuwaachia vijiji wakiwa wagonjwa. Takwimu za migodi zilipendeza kwa sababu hiyohiyo: aliyeugua alitoka kwenye orodha, na aliyefia kijijini hakuhesabiwa na mtu. Transkei, Basutoland (sasa Lesotho) na kusini mwa Msumbiji yakawa mahali pa kufia. Mke aliyemuuguza mumewe na mtoto aliyelala chumba kimoja na baba yake walivuta hewa ileile. Ripoti kubwa ya mwaka 1932 kuhusu kifua kikuu kwa Waafrika wa Afrika Kusini ilikuta kwamba maambukizi yalikuwa yamekwisha kuenea sana mashambani, hata kwa wasiowahi kuona mgodi.

Madaktari wengi wa zama hizo walikuwa na maelezo yao. Walisema Mwafrika ni mgeni wa kifua kikuu, kwamba mwili wake haujazoea bakteria huyo kama wa Mzungu, na kwamba vizazi vitapita kabla haujajenga kinga. Nadharia hiyo iliwafaa wenye migodi, kwa kuwa ilihamisha lawama kutoka kwenye kambi, posho na vumbi kuipeleka kwenye damu ya mgonjwa. Mwanahistoria Randall Packard, katika kitabu chake cha mwaka 1989, alionyesha jinsi hoja hiyo ilivyopuuza njaa ya mashambani, msongamano na sera ya kuwarudisha wagonjwa. Ulaya yenyewe ilikuwa na ushahidi wa kinyume: Uingereza, vifo vya kifua kikuu vilianza kupungua karne ya 19, muda mrefu kabla ya dawa, huku maskini wa mijini wakiendelea kufa zaidi kuliko matajiri wa taifa lilelile.

Watanganyika pia walifika Rand. Marufuku ya mwaka 1913 ilipolegezwa katika miaka ya 1930, shirika la uandikishaji la migodi, lililojulikana vijijini kwa jina la Wenela, lilipanua safari zake hadi Nyasaland na kusini mwa Tanganyika. Vijana wa Rungwe na wilaya jirani walikwenda kwa mkataba, wakarudi na blanketi, baiskeli, nguo na mahari. Miaka ya 1950 wengine walisafirishwa kwa ndege za shirika hilo kupitia Francistown. Baada ya uhuru serikali ya Tanganyika ilikatisha uandikishaji huo, kwa sababu za kupinga ubaguzi wa Afrika Kusini. Vumbi walilobeba kifuani halikukatishwa na amri yoyote, na ofisi ya kupima vifua na kutoa vyeti vya fidia ilikuwa Johannesburg.

Dawa zilipopatikana, streptomaisini katika miaka ya 1940 na isoniazidi mwaka 1952, kifua kikuu kikawa ugonjwa unaotibika. Migodi iliwatibu baadhi ya wafanyakazi wake, lakini ubaguzi uliendelea kuandikwa kwenye sheria. Sheria ya fidia ya mwaka 1973 iliwatenganisha wachimbaji kwa rangi, na vifungu hivyo vya rangi vilifutwa mwaka 1993 tu. Mwaka 1995 Tume ya Leon iligundua kwamba viwango vya vumbi migodini vilikuwa havijapungua kwa takriban miaka 50. Miaka hiyohiyo watafiti walikwenda vijijini kuwapima wachimbaji wa zamani, kazi iliyopaswa kufanywa tangu mwanzo. Huko Botswana na Transkei walikuta silikosisi kwa mtu mmoja kati ya watano hadi mmoja kati ya watatu, na wengi hawakuwa wamelipwa chochote. Juu ya hayo VVU vilikwisha kuingia. Silikosisi na VVU kila kimoja huongeza hatari ya kifua kikuu mara kadhaa, na vikikutana kwa mtu mmoja hatari hizo huzidishana. Mradi wa Thibela TB uliwapa dawa ya kinga wafanyakazi wa mgodi mzima kwa miezi 9. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2014 yalionyesha kwamba aliyekuwa akimeza alikingwa, lakini kinga iliisha upesi alipoacha, na kiwango cha ugonjwa mgodini hakikushuka. Kidonge hakikuweza kufanya kazi ya hewa safi na malazi bora.

Haki ilitafutwa mahakamani. Thembekile Mankayi alifanya kazi mgodi wa Vaal Reefs kuanzia 1979 hadi 1995, akaugua silikosisi na kifua kikuu, akalipwa randi 16,320 chini ya sheria ya 1973. Kampuni ilidai kwamba malipo hayo yalimfungia njia ya kuishtaki. Tarehe 3 Machi 2011 Mahakama ya Katiba iliamua kwamba njia haikufungwa. Mankayi alifariki siku chache kabla ya hukumu. Kwa mlango huo maelfu ya wachimbaji walifungua kesi ya pamoja, na Julai 2019 mahakama iliidhinisha mapatano na kampuni 6 ya takriban randi bilioni 5, yanayosimamiwa na mfuko uitwao Tshiamiso. Mapatano yanawahusu waliofanya kazi kuanzia tarehe 12 Machi 1965, wakiwamo wa nchi jirani na warithi wa waliokufa. Watu wa Tanganyika waliokwenda na Wenela na kurudi kabla ya siku hiyo hawamo.

Tanzania sasa ina vumbi lake. Mererani, wanaapolo wanaochimba tanzanite huchoronga mwamba mkavu katika mashimo marefu yenye hewa kidogo, na hospitali ya Kibong'oto mkoani Kilimanjaro, iliyoanzishwa zama za ukoloni kwa ajili ya wagonjwa wa kifua kikuu, inapokea vifua vilivyoharibiwa na silika. Mwanaapolo hana mwajiri wa kumshtaki, na kinga ile iliyotajwa na tume ya mwaka 1902, yaani maji na hewa, mara nyingi huonekana ni gharama isiyobebeka. Vipimo na dawa za kifua kikuu nchini ni bure. Mchimbaji anayekohoa kwa wiki mbili na zaidi apime mapema, na amweleze daktari kwamba amefanya kazi kwenye vumbi la mawe na kwa miaka mingapi, kwa sababu kipimo cha makohozi hakionyeshi silikosisi.